Sindano Haifunguzi, Lakini Nani Kasema Ufunge?

Kila Shaaban inapoelekea ukingoni, simu zetu hupokea picha ileile ya dawa zinazofunguza saumu na zisizofunguza. Upande mmoja kuna tiki za kijani, upande wa pili misalaba myekundu. Matone ya macho, tiki. Sindano ya msuli, tiki. Dripu ya lishe, msalaba. Dawa ya pumu ya kuvuta hutegemea nani aliyeichora picha; mwaka mmoja niliipokea asubuhi ikiwa na tiki, na jioni ikaja na msalaba, zote mbili zikidai zimetoka kwa wanazuoni wa dunia nzima. Chini yake huandikwa: sambaza upate thawabu. Nasi husambaza, maana thawabu ya kubonyeza kidole nani ataiacha?

Picha hiyo si uzushi mtupu. Mengi yaliyomo yana asili ya kuheshimika. Tatizo liko kwenye swali. Orodha ya vinavyofunguza na visivyofunguza inamjibu mtu ambaye tayari anafunga na anataka kujua kama dawa fulani imeiharibu saumu yake. Mitaani inasomwa kana kwamba imejibu jambo jingine kabisa, yaani kama mgonjwa anayetumia dawa hiyo anatakiwa kufunga. Hayo ni maswali mawili, na la pili ndilo linalopaswa kutangulia. Kwa kuyachanganya, fatwa zilizotolewa ili kumpunguzia mgonjwa mzigo zimegeuka gunia jingine begani mwake. "Sindano haifunguzi" imezaa "basi huna udhuru". Neno la kwanza limetoka kwa mafakihi. La pili sijalikuta kwa fakihi yeyote, lakini ndilo linaloendesha Ramadhani ya nyumba nyingi ninazozifahamu.

Tuanze na asili yake. Mwezi Juni 1997 madaktari na mafakihi walikutana Casablanca, Morocco, kwa mwaliko wa Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi ya Tiba yenye makao yake Kuwait, wakaichambua dawa moja baada ya nyingine: inaingilia wapi, inafika wapi, inalisha au hailishi. Wiki mbili hazijatimia, Majmaa ya Kimataifa ya Fikihi ya Kiislamu, ambayo ni chombo cha nchi za Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu (OIC), ikaketi Jeddah katika kikao chake cha 10 na kutoa azimio namba 93. Humo, matone ya jicho, ya sikio na ya pua, kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa mwenye maumivu ya moyo, kung'oa au kuziba jino, sindano za chini ya ngozi, za msuli na za mshipa zisizokuwa za lishe, hewa ya oksijeni, dawa za kupaka na za kubandika kwenye ngozi, vyote havikuhesabiwa kuwa vinafunguza. Lakini azimio lilikuwa na masharti. Kwa matone ya sikio na pua, na kwa kile kidonge cha chini ya ulimi, lilisema: mradi mgonjwa asimeze kilichofika kooni. Tena yako mambo ambayo wanazuoni wale waliyaacha bila kuyakatia hukumu, wakasema yanahitaji kuchunguzwa zaidi: dawa ya pumu ya kuvuta, hijama (kuumika) na kutoa damu, dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa, na usafishaji wa figo. Picha inayotembea haina sharti hata moja, na yale yaliyoachwa wazi imeyagawia tiki na misalaba kwa ujasiri ambao wenyewe waliokaa Jeddah hawakuwa nao.

Kilichoipa picha mbio mpya, kwa maoni yangu, ni chanjo ya Uviko-19. Ramadhani ya Aprili 2021 iliangukia katikati ya zoezi la kuchanja, na watu wengi duniani wakasita kuchomwa mchana. Mufti Mkuu wa Saudi Arabia wakati huo, Sheikh Abdulaziz Al al-Sheikh, alisema chanjo haifunguzi kwa kuwa si chakula wala kinywaji, na mabaraza mengine ya fatwa yakasema vivyo hivyo. Kauli ilikuwa sahihi na ilikuja kwa wakati wake. Ila tukumbuke nani aliyekuwa akiambiwa. Aliyekwenda kuchanjwa alikuwa mzima. Alichomwa mara moja, akarudi kazini, akafuturu jioni kama kawaida. Sentensi iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mzima ndiyo tuliyokuja kumvisha mgonjwa anayejichoma kila siku ili abaki hai.

Wapo wanaodhani kwamba ulegevu huu wote ni mambo mapya, kwamba masheikh wa zamani walikuwa wakali na wa leo wamewaogopa madaktari. Sivyo. Kwetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, madhehebu yaliyosomeshwa vyuoni na wengi ni ya Imam Shafi, na kanuni yake inajulikana na kila aliyewahi kukalishwa mkekani na Safinat an-Najah, kitabu cha fikihi cha wanaoanza: funga huharibika kwa kitu chenye umbo kuingia kwenye uwazi wa ndani wa mwili, ule unaoitwa jaufi, kupitia tundu lililo wazi, kwa makusudi, mtu akijua. Kwa kanuni hiyo wanja haufunguzi hata ladha yake ikisikika kooni, na mafuta ya kichwa hayafunguzi, kwa kuwa jicho na vinyweleo havihesabiwi kuwa tundu. Sindano ya msuli inapita hapohapo bila kuhitaji fatwa ya Jeddah. Penye mvutano ni sikio. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha fikihi, Minhaj, ameandika kwamba kutonesha kitu ndani ya sikio kunafunguza, akaongeza neno dogo: fil-asahhi, yaani kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Wanafunzi wa Minhaj wanajua neno hilo Nawawi hulitumia pale ambapo kauli ya upande wa pili nayo ina nguvu. Ingekuwa dhaifu angesema as-sahihi, yaani iliyo sahihi. Na upande huo wa pili alikuwapo Ghazali mwenyewe na wenzake, waliosema matone ya sikio ni sawa na wanja, hayana njia iliyo wazi ya kupita. Yaani mabishano yao yaligusa mwili ulivyoumbwa, na leo daktari wa masikio anaweza kukuonyesha kwa kurunzi kile kiwambo kilichoziba njia, ambacho kikiwa hakijatoboka hakipitishi tone. Wale wa 1997 hawakuvunja mlango. Waliukuta umerudishwa tu, haujatiwa komeo.

Nimelikalia sikio kwa sababu linaonyesha kwamba hata ndani ya swali la kwanza, la kipi kinafunguza, watu walikuwa wakifikiri, si kugawa tiki. Dawa ya pumu inalionyesha hilo vizuri zaidi. Wanaosema inafunguza, wakiwamo wanazuoni wengi wa Kihanafi wa India na Pakistan na Mashafi wasio wachache, wanasema kinachotoka kwenye kile kichupa si hewa tupu. Kuna dawa yenye umbo, na sehemu yake hutua kinywani na kooni ikamezwa. Kitaalamu hawajakosea. Sehemu kubwa ya kila mpulizo wa kawaida haifiki kwenye mapafu kabisa. Wanaosema haifunguzi, wakiwamo Sheikh Bin Baz na Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia, wanajibu kwamba dawa inakusudiwa njia ya pumzi na si tumbo, haina maana ya chakula wala kinywaji, na kinachomezwa ni kidogo kuliko maji yanayobaki mdomoni baada ya kusukutua kwa udhu, nayo hakuna aliyesema yanafunguza. Mimi naona kundi hili la pili lina ulinganisho wenye nguvu zaidi, hasa tukikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe, Omar alipomuuliza kuhusu kumbusu mke akiwa amefunga, alimrudisha kwenye kusukutua: unaonaje lau ungesukutua kwa maji ukiwa umefunga? Lakini sitamlaumu anayeshika kauli ya kwanza.

Nitakayemlaumu ni mchora picha. Hakuna hata mmoja katika wanaosema dawa ya pumu inafunguza aliyesema usiivute. Wanachosema ni: vuta, upumue, kisha ulipe siku hiyo baada ya Ramadhani. Msalaba mwekundu hausemi hivyo. Kijana aliyebanwa kifua saa nane mchana, anayesikia filimbi ndani ya mbavu zake mwenyewe, akiukumbuka ule msalaba anaelewa neno moja tu: haramu. Basi anavumilia. Pumu haina desturi ya kungoja adhana ya Magharibi. Hukumu ya fikihi yenye sehemu mbili, kufungua na kulipa, ikikatwa katikati ili ienee kwenye kiboksi cha picha, nusu iliyobaki inaweza kuua.

Shangazi yangu ana kisukari na hujichoma insulini mara mbili kwa siku. Miaka michache iliyopita tulimkuta jikoni saa kumi na moja na robo jioni, ameketi juu ya mbuzi, nazi imekunwa nusu, mikono inamtetemeka na kanga imelowa jasho mgongoni. Kipimo kikaandika 2.9. Binti yake akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, kijiko kikigonga pembeni kwa haraka, na shangazi akaubana mdomo. "Mwanangu, imebaki saa moja na nusu tu. Na sindano imeshasemwa haifunguzi." Alikunywa mwishowe, akilia, na usiku ule hakula futari na sisi.

Ukimsikiliza vizuri, shangazi hakuikosea fatwa. Ni kweli sindano ile haifunguzi. Kilichomponza ni kwamba dawa iliyohalalishwa ndiyo iliyokuwa ikimshusha sukari huku tumbo likiwa tupu tangu daku. Hatari yake haikuwa kwenye sindano, ilikuwa kwenye njaa baada ya sindano, na hiyo hakuna orodha inayoipima. Wataalamu wa kisukari wanasema wazi kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, mgonjwa afungue palepale, hata kama imebaki dakika kumi. Yeye alikuwa ameshapita mpaka huo kitambo, akabaki anahesabu dakika.

Hapa ndipo ile hoja ya "basi huna udhuru" inapoanguka, na inaangushwa na watu walewale wanaotajwa kuiunga mkono. Majmaa iliyosema mwaka 1997 kwamba sindano haifunguzi, ndiyo iliyoketi Sharjah mwezi Aprili 2009, kikao cha 19, na kutoa azimio mahsusi kuhusu kisukari na Ramadhani. Iliwagawa wagonjwa mafungu manne kwa kadiri ya hatari. Mafungu mawili ya juu wamo waliopatwa na kushuka kwa sukari kwa kiwango kikali ndani ya miezi mitatu kabla ya Ramadhani, wenye kisukari cha aina ya kwanza, wanaosafishwa figo, wajawazito wenye kisukari, wanaoishi peke yao huku wakitumia insulini, na wazee wenye maradhi mengine juu ya sukari. Hao azimio halikuwapa hiari. Lilisema wanapaswa kula na haiwafai kufunga, pale daktari mtaalamu anayeaminika anapothibitisha au kuona uwezekano mkubwa wa madhara. Wengi wao ni watu wa sindano. Sasa kama kutofunguza kwa sindano kungekuwa ndiko kunakowajibisha funga, azimio la pili lingekuwa linalipinga la kwanza, na chombo kizima kingekuwa kimejisahau ndani ya miaka 12. Hakikujisahau. Kilikuwa kikijibu swali la pili.

Hata bila Sharjah, mantiki ya hoja ile haisimami. Mtu mwenye malaria kali analazwa, anachomwa atesuneti, sindano ambayo hailishi na kwa orodha ina tiki ya kijani. Nani atakwenda wodini kumwambia hana udhuru? Hakuna, kwa sababu tunamwona anavyotetemeka na kitanda. Mwenye kisukari tunamwona anatembea, anauza maandazi, anasalimia, kwa hiyo tunamhesabia dawa badala ya ugonjwa. Na Qur'ani, katika aya mbili zinazofuatana za Suratul-Baqara, 184 na 185, imempa ruhusa mgonjwa na msafiri. Dawa haikutajwa kabisa. Anayekunywa kidonge cha vitamini mchana bila ugonjwa amefungua na ana kosa. Mgonjwa ambaye funga inamdhuru, asiye na kidonge wala sindano kwa kuwa hana hela ya kununua, ana ruhusa kamili. Udhuru unakaa kwenye mwili, si kwenye mfuko wa dawa.

Wenye hofu ya upande wa pili nao wasikilizwe, kwa sababu hofu yao si ya kijinga. Wanasema mlango huu ukiachwa wazi, kila mwenye mafua atakula, na Ramadhani itabaki ya watoto na wazee. Ni kweli wapo ambao Ramadhani ikiingia hupata ugonjwa, na Shawwal ikiandama hupona. Lakini fikihi haikuacha neno "mgonjwa" lielee. Mashafi wameweka kipimo: madhara ya aina ileile inayomruhusu mtu kutayamamu, kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji, yaani ugonjwa kuzidi, kupona kuchelewa, kiungo kupoteza kazi yake, au mauti. Kuumwa kichwa kwa kukosa chai hakumo. Na azimio la Sharjah lina makali pande zote mbili, jambo ambalo wanaolitaja kwa huruma hulisahau: wagonjwa wa mafungu mawili ya chini, wale ambao sukari yao imetulia kwa lishe au kwa dawa kama metfomini, liliwaambia haiwafai kula. Shangazi mmoja anazuiwa kufunga, shangazi wa jirani anazuiwa kula, wote wawili wana kisukari. Hilo haliwezi kuandikwa kwa tiki.

Kuna pia wanaosema: tujihadhari, tuache dawa zote mchana, tutoke kwenye khitilafu ya wanazuoni. Kujihadhari ni jambo jema mtu anapochagua baina ya ladha mbili. Mgonjwa anachagua baina ya ibada na uhai, na hapo sijui kwa nini tahadhari ihesabiwe upande mmoja tu. Kuna hadithi aliyoipokea Jabir, imo kwa Abu Daud, ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akaota usiku akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hatuoni ruhusa nawe unaweza kupata maji. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema wamemuua, na akauliza mbona hawakuuliza walipokuwa hawajui. Wale walikuwa masahaba, na nia yao ilikuwa kujihadhari.

Nikiwageukia madaktari, nao hawatoki salama. Desturi ya kliniki nyingi ni kumwambia mgonjwa wa kisukari "usifunge" kwa mkato, bila kumuuliza chochote, kisha kumwita anayefuata. Mgonjwa anaitikia, anatoka, anafunga. Utafiti wa EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 kwa wagonjwa 12,243 katika nchi 13, ulikuta kwamba asilimia 79 ya wenye kisukari cha aina ya pili, na asilimia 43 ya wale wa aina ya kwanza, walifunga angalau siku 15 za mwezi. Kulazwa kwa kushuka sukari vibaya kuliongezeka mara 7.5 kwa aina ya pili. Watu wale wanafunga, daktari apende asipende, kwa hiyo katazo tupu limemwondolea mgonjwa kitu kimoja tu: msaada wa kufunga kwa usalama. Hakupunguziwa dozi ya daku, hakubadilishiwa glibenklamidi ambayo hukaa mwilini muda mrefu ikiendelea kushusha sukari, hakufundishwa kwamba kutoboa kidole kupima damu hakufunguzi. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unataka mazungumzo hayo yafanyike wiki 6 hadi 8 kabla, yaani Rajab. Rajab wangapi wetu tumewahi kuulizwa na muuguzi, "Mama, mwaka huu utafunga?" Sehemu nyingi za bara daktari si Mwislamu na anaogopa kugusa dini ya mtu; mgonjwa naye anaogopa kufokewa; wote wawili wanaliacha swali mezani kama chai iliyopoa. Tena ushauri wa "pima mara kwa mara" unamdhania mgonjwa kuwa na vijiti vya kupimia. Kwa wengi vijiti hivyo huisha kabla ya mwezi, na asiyeweza kupima hatari yake si sawa na anayeweza, hata kama karatasi za hospitali zimewaweka fungu moja.

Kwa dawa za kumeza mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani, angalau huku kwetu kwenye ikweta ambako mchana wa funga ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima; ndugu zetu wa London wamewahi kufunga zaidi ya saa 18. Dawa ya presha ya mara moja kwa siku inahamia futari au daku kwa ruhusa ya daktari, na ndivyo ilivyo kwa dawa za kufubaza VVU zinazotumika sasa Tanzania na Kenya, kidonge kimoja kwa siku. Hapo kikwazo si fikihi, ni siri: nyumba nzima imekaa kwenye sinia moja la daku, na mwenye kidonge anatafuta sababu ya kwenda uani. Dawa ya kuua vijidudu ya kila saa nane ndiyo isiyohamika. Wengi humeza mbili wakaruka moja, wakasema "nimejitahidi". Mwenye maambukizi yanayohitaji dozi tatu ni mgonjwa, ana siku zake tano au saba za kula, atazilipa baadaye, na hakuna cha kujitahidi hapo isipokuwa kuwalea vijidudu.

Nimejiuliza kwa nini ruhusa iliyo wazi hivi katika Kitabu inatushinda. Sehemu ya jibu ni jina "kobe". Kila mtoto wa pwani amewahi kumzomea mtu aliyeonekana akitafuna mchana, na jina lile halina kifungu cha wagonjwa. Lakini si aibu tu. Mzee aliyefunga Ramadhani 50 akiambiwa ale, anahisi ametolewa kwenye safu. Wenzake wanaulizana funga imekwendaje, yeye hana la kusema. Futari anaikalia kama mgeni. Tukimwambia "ni ruhusa, Mola wako anakutakia yaliyo mepesi" tunasema kweli, ila hatujamrudishia mahali pake. Na ajabu ni kwamba nyumba zetu zinajua kabisa kuishi na mtu asiyefunga. Kila mwezi wa Ramadhani wanawake wa nyumba hiyohiyo hupita kwenye siku zao, hula jikoni bila kuulizwa na yeyote, hupika futari, hukaa jamvini magharibi na wote, na baadaye hulipa. Adabu hiyo ipo na imekomaa. Haijapelekwa tu kwa mzee wa kisukari.

Ndiyo maana naona khutuba ya mwisho ya Shaaban ingeanzia mbali zaidi kuliko orodha. Khatibu angewaambia wenye maradhi ya kudumu waende kwa daktari sasa, warudi na jibu, na kwamba jibu likiwa ni kula, basi kula huko ndiko hukumu yao. Angewaeleza anayetarajia kupona kwamba atalipa siku zake, na asiyetarajia kupona kwamba kwa kila siku anatoa fidia ya kibaba cha chakula kwa masikini, wala hadaiwi zaidi. Kuhusu daktari, vitabu vya zamani vilishurutisha awe Mwislamu mwadilifu. Wengi wa wanazuoni wa leo wanatazama utaalamu na uaminifu wake, na katika wilaya yenye daktari mmoja sidhani kama kuna njia nyingine. Orodha ya matone na sindano ingekuja mwishoni, kwa wale waliobaki.

Shangazi alikwenda kliniki Rajab iliyofuata, tukaongozana. Daktari alimuuliza maswali mengi, akaandika, akamwambia hapana. Alinyamaza njia nzima. Ilipobaki siku moja mwezi uandame, alinituma dukani mchele, akakataa upimwe kwa mizani. Alitandika mkeka, akatoa kibaba cha mti kilichokuwa cha mama yake, akapima mwenyewe huku akihesabu kwa sauti: vibaba 30, pishi saba na nusu. Kwenye kumi na tisa alipotelewa na hesabu, akaurudisha mchele wote guniani na kuanza upya.